Jibu Alilolifuta Godwin

Jumamosi ile asubuhi Vaileth alikuwa amechuchumaa kwenye karakana ya fundi Lemayian, Elerai, ameshikilia nondo kwa tambara. Pembeni alisimama Godwin, kiongozi wa kundi lao la shule, injinia wa kujipachika, akiwa na koti jeupe la maabara ambalo halijawahi kuona hata tone la spiriti.

Walikuwa wanatengeneza mashine ya kumenya kahawa kwa kukanyaga pedali, ya maonyesho ya sayansi Jumatatu. Hesabu zote alipiga Vaileth. Kila nondo aliipa namba changamano yake, namba moja inayobeba urefu na upande inakoelekea; ukizijumlisha kuzunguka fremu lazima urudi ulikoanzia. Majibu yalitoka mawili: kiungo cha kati kikae juu, au kikae chini.

Halafu daftari likafika kwa Godwin. Jibu lenye alama ya kutoa akalipiga mstari mwekundu, tena kwa rula.

"Fundi, kiungo kinakaa juu."

"Una uhakika, bosi? Nikishachomelea sikati tena."

"Hasi tunatupa. Urefu hauwezi kuwa hasi, hiyo ni ya Form Two."

Urefu gani? Ile kutoa ilikuwa inasema upande tu, yaani chini. Vaileth alishajaribu nyumbani kwa vipande vya boksi na pini: kiungo kikikaa juu, nondo inagonga mguu wa fremu kabla ya nusu mzunguko. Mtoto wa chekechea angeona. Godwin hakuona, alikuwa anatafuta engo ya selfi.

"We dada unasemaje?" fundi akauliza.

Vaileth akafungua mdomo.

"Huyo mwandishi wetu tu," Godwin akacheka. "Muulize maji ya kunywa."

Akaufumba tena. Alijidharau kidogo, na kumdharau Godwin mara kumi.

"Haya. Umeme umekatika, nitachomelea saa tisa," fundi akasema.

Mchana Vaileth alikuwa Oldonyo Sambu kwa bibi yake, mbali na karakana, na namba ya fundi alikuwa nayo Godwin peke yake. Saa nane akamwandikia WhatsApp:

"Godwin, lile ulilolifuta ndilo jibu. Kiungo kikae chini, la sivyo Jumatatu pedali itagoma mbele ya majaji. Mpigie fundi sasa hivi. Na hesabu ni zangu, utawaambia hivyo."

Alikuwa ameanza na "samahani". Akaifuta, akatuma.

Tiki mbili zikageuka bluu. Godwin akaweka statasi: yeye na fremu, "Ubongo wangu, jamani." Saa tisa kasoro kumi Vaileth akatuma tena: "Umesoma?"

Bluu tena. Vaileth akaweka simu mfukoni; Jumatatu majaji watajionea wenyewe.