Nani Atafungua Maji?

Shemeji yangu Mama Rasmi aliposimama kugombea uongozi wa chama cha kugawa maji mashambani, wanaume walicheka. Mimi sikucheka. Mashamba yetu ya chini yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo, kwa sababu watu wa juu hujijazia maji wao kwanza, sisi tukaachiwa tope. Msimu huu ungeharibika tena, shamba Mama Rasmi aliloachiwa na marehemu kaka yangu lingekwenda kwa wajenzi wa hoteli.

Tulikutana kwenye uwanja wa hekalu la maji, pale sisi wakulima wa Bali tunapoombea mashamba, kama kawaida. Wajane walikaa nje ya lango, kama kawaida pia. Wanakuja badala ya waume zao, wasipokuja wanatozwa faini, lakini kusema hawasemi. Siku hiyo Mama Rasmi alikaza mshipi wake wa njano kiunoni, akavuka lango, akaja kuketi katikati yetu.

Mpinzani wake alikuwa Baba Sudira, mwenye mashamba ya juu kabisa.

"Mimi simchukii dada yangu huyu," akaanza, sauti laini kama mafuta. "Ila kiongozi ndiye anayeingia patakatifu kuchukua maji ya baraka kabla mfereji haujafunguliwa. Sasa siku zake za mwezi zikiangukia siku hiyo? Si mwiko huo! Mpunga utamngoja?"

Kicheko kikalipuka. Nikainuka. "We Baba Sudira, huna haya hata kidogo!"

"Shemeji, kaa," Mama Rasmi akanivuta nguo. Nikakaa. Akamgeukia yule bwana, taratibu. "Baba Sudira, mkeo hajambo? Jana nilimwona kliniki mjini, amebeba kichanga. Hongera. Kitovu kimeshadondoka?"

Lo! Vichwa vyote vikamgeukia Baba Sudira. Kwetu Bali baba wa kichanga haingii hekaluni mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, na hilo hata watoto wanalijua. Sisi tulidhani mkewe amekwenda kusalimia kwao.

"Kazaliwa juzi," Baba Sudira akanong'ona. "Nilijua nikisema, nitakosa uchaguzi."

"Toka!" Mzee Mangku, kuhani wetu, alifoka mpaka kilemba kikamlegea. "Toka nje! Sasa itabidi nilitakase hekalu zima kwa sababu ya uroho wako!"

Akatoka, kichwa chini. Huko nje hapakuwa na pa kukaa ila kwa wajane.

"Karibu, baba," bibi mmoja akamwambia. "Kaa hapo juani, kivuli kimejaa."

Jamaa mmoja wa juu akaropoka, "Basi tutafute mwanamume mwingine!"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. "Mwingine yupi? Msiba nao ni mwiko: nani hafiwi wala hapati mtoto? Mtaje!"

Mzee Mangku akapumua kwa nguvu. "Kiongozi akiwa na mwiko, naingia mimi. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Nyinyi chagueni mtu wa kugawa maji."

"Tupige kura sasa hivi," nikadakia, "huyo akiwa huko huko nje asihesabiwe!"

Mama Rasmi akanikata jicho. "Ni mwanachama. Atainua mkono palepale alipo."

Nilitamani kumziba mdomo. Watu wa juu ndio wengi, na wote humtazama Baba Sudira kabla ya kukohoa! Mikono ya sisi wa chini ikapanda kumpa kura. Yao ikabaki mapajani, shingo zimegeukia langoni. Mama Rasmi hakuwatazama. Vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya mshipi.

"Mama Rasmi," Baba Sudira akaita. Hakusikika vizuri, ikabidi apaze sauti. "Ukichukua wewe uongozi, mashamba yangu yatapata maji?"

"Yatapata," akajibu. "Zamu yake ikifika."

Mtu yule hajawahi kungoja zamu maishani mwake. Akajifuta jasho, wajane wanamkodolea macho. Kisha akainua mkono. Sijui ni kwa kupenda au kwa aibu, na wala sikumuuliza. Wenzake wa juu wakauona, nao wakainua yao.