Kimya cha Chini kwa Bibi

Asubuhi nilikuwa naitwanga barabara kwa nyundo ya mbao. Ukingoni mwake umefukiwa uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopanda kutoka darajani mpaka mashamba ya chai. Mwanga unapita ndani yake. Udongo ukitikisika, mwanga unatetereka, na Baba anauona kwenye kompyuta yake ofisi ya kijiji. Mvua kubwa ilikuwa njiani, akataka kujua kama kila kipande cha mlima kinaonekana. Mimi napiga, yeye anatazama, simu iko sikioni.

"Piga. Nakuona. Sogea."

Nikasogea hadi chini ya nyumba ya Bibi, mama yake Baba.

"Chigusa, unapiga au umelala?"

"Napiga, Baba."

"Piga basi kama mtu aliyekula."

Nikapiga mpaka viganja vikawaka moto. Bibi akafungua dirisha huko juu. "We mtoto! Hiyo barabara imekukosea nini?"

Baba akasema kwenye simu, "Sioni kitu."

Niliporudi ofisini akanieleza. Mwanga ni kama kamba unayoitikisa: juu na chini, au kushoto na kulia. Uzi ukipinda au kubanwa, unaugeuza ule mtikisiko. Mwanga ukirudi, mashine iliyoutuma inaulinganisha na mwingine ambao haikuutuma. Ikitokea mmoja umesimama, yaani unatikisika juu na chini, na mwenzake umelala, hawaonani kabisa, na mashine inaandika kimya.

"Sio kimya cha udongo," Baba akasema. "Ni upofu. Na joto likibadilika, unahamia kwingine."

Dawa yake ni kuipa mashine macho mawili, moja la mwanga uliosimama na jingine la uliolala. Jicho la pili limeagizwa, halijafika.

Mchana mvua ikaanza. Kwenye kompyuta, mistari ya kule juu kwenye msitu wa mierezi ikachafuka, udongo unatikisika, na Mzee Hisamatsu, mwenyekiti wetu, akawahamisha watu wa huko kwa kipaza sauti. Chini kwa Bibi, kimya.

"Mzee, na wa kwa mama washuke," Baba akamwambia.

"Si umesema pale pametulia?"

"Nimesema hapaonekani."

Mzee akamtazama, akakichukua tena kipaza sauti. Majirani wakashuka. Bibi hakushuka. Baba akampigia.

"Morikazu, hiyo mashine umeileta mwenyewe, nikajisifu kijiji kizima. Leo inasema kimya, wewe unasema nikimbie. Nimwamini nani?"

"Niamini mimi, Mama."

"Wewe tangu mdogo kunguru mwoga tu."

Baba akanisukumia simu. Ofisi ilikuwa imejaa watu wenye mabegi na maboksi ya chakula, na mimi kuongea mbele za watu siwezi. Nikageukia ukutani.

"Bibi, asubuhi ulinisikia nikipiga?"

"Ningekosaje? Vikombe vilicheza kabatini."

"Mashine haikusikia."

"Acha utani."

"Haikusikia, Bibi. Hata pigo moja."

Nilisikia mvua juu ya paa lake.

"Kwa hiyo mlima ukisogea hapa..."

"Itasema kimya."

Akashusha pumzi. "Mwambie baba yako aje. Ila nimfunge babu yako kwanza, siwezi kumwacha."

Babu ni kile kibao chenye jina lake alilopewa baada ya kufa, ambacho Bibi anakiwekea wali na chai kila siku. Atakifunga kwa kitambaa kizuri, tena polepole, na lazima amweleze kwanza wanakwenda wapi na kwa nini. Namjua Bibi. Hatafupisha hata neno.

Baba akavaa koti la mvua akaondoka kwa miguu, maana gari lisingepita kwenye ule utelezi. Mimi nikabaki nautazama mstari wa kwa Bibi. Umenyooka, safi kabisa. Mzee Hisamatsu akaniletea chai ya moto, akakaa karibu nami.

Kukawa giza. Nikamwandikia Baba: "Mmeshatoka hapo?"

Mpaka sasa ujumbe haujasomwa.