Kibodi Zibaki Ofisini

Vishikwambi vipya viligawiwa asubuhi, kabla chai haijaisha kwenye birika. Kila mkaguzi wa bima wa nyumba zilizopata hasara aliitwa mezani kwa msimamizi, akakabidhiwa chake kikiwa bado na nailoni yake, pamoja na kibodi nyembamba inayoshikana nacho kwa sumaku. Muuzaji aliyevileta alieleza kwamba kikiwa na kibodi ni kompyuta kamili, na kikichomolewa ni chepesi kama daftari, unakwenda nacho popote roho inapopenda. Alikichomoa na kukirudisha, tak, tak, huku anatabasamu.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimwita fundi, akamwagiza afunge kila kibodi kwenye meza yake kwa mnyororo mwembamba. Kampuni ilishapoteza vikombe vyote vya chai, na vikombe havikuwa na sumaku.

"Skrini mtaenda nazo," alisema. "Kibodi zibaki ofisini."

Muuzaji alisaini risiti yake akaondoka.

Miongoni mwa wakaguzi alikuwamo mama wa mtoto mmoja, na yeye kishikwambi alikipenda. Kwenye nyumba zilizoezuliwa paa au kuungua jiko alikishika kwa mkono mmoja, akapiga picha ya ufa, akauzungushia duara kwa kidole palepale kwenye kioo. Kompyuta ya zamani ilikuwa imemlegeza bega moja. Sasa mabega yalianza kulingana. Shida ilikuwa kuandika. Bila kibodi, herufi zilijitokeza kwenye kioo zikafunika nusu ya ukurasa, na kidole kikigusa moja kiliamsha na jirani yake. Ripoti ndefu haiandikiki hivyo. Basi kila alasiri wakaguzi wote walirudi ofisini na skrini zao, wakazibandika kwenye kibodi zilizofungwa, wakaandika hadi giza liingie, kama zamani.

Nyumbani alikuwapo Puto, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mashavu. Puto hakulala mpaka mama yake ampigepige mgongoni, polepole, kwa kiganja kizima. Baba yake, fundi wa friji, alikuwa amejaribu mara nyingi.

"Mtoto anajua mkono," alisema, akamrudisha kwa mama yake.

Jioni moja ripoti ilikuwa haijaisha, na jirani anayemshika Puto alikuwa amepiga simu kuuliza kama amtafutie mtoto mama mwingine. Mkaguzi alisema mstari mmoja tu, halafu anatoka. Alipofika mwisho wa mstari aliinuka huku bado anaandika, akaivuta skrini kwa kiwiko kuelekea kwenye mkoba. Ikasikika tak. Skrini ilichomoka, na mikono yake nayo ikachomoka vifundoni, ikabaki juu ya kibodi, ikaanza mstari mwingine.

Hakuumia. Vifundo vilikuwa laini kama ukingo wa skrini, na kila kimoja kilikuwa na safu ya vidoti vya rangi ya dhahabu. Alisimama kidogo akaitazama mikono ikifanya kazi. Ilikuwa na haraka kuliko alivyodhani. Kisha akapitisha mkoba begani akatoka.

"Wenzako wanatoka mikono mitupu, dada," mlinzi alisema akimfungulia geti. "Wewe hata hiyo huna."

"Iko kazini."

"Basi msalimie mtoto."

Mumewe alivichunguza vile vidoti chini ya taa, kama anavyochunguza plagi ya mteja. "Hapa hakuna ubovu," alisema. "Asubuhi ukiibandika itashika." Akamlisha wali kwa kijiko, kijiko kimoja kwake na kimoja kwa Puto. Puto alilazwa kifuani kwa mama yake, akasubiri. Alisubiri muda mrefu, kisha akalia mpaka usingizi ukamchukua kwa nguvu.

Asubuhi mikono ilishika, tak, ingawa vidole vilikuwa vimekakamaa. Ripoti ilikuwa imekwisha, na nyingine mbili za mwenzake aitwaye Spidi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Msimamizi alifurahi. Kabla wiki haijaisha wakaguzi wote, na mhasibu pia, waliacha mikono yao mezani saa kumi na moja jioni, na ofisi ikawa inasikika kama mvua ndogo juu ya bati.

"Mimi chai nakunywa kwa mrija," Spidi aliwaambia. "Lakini nafika nyumbani jua lipo. Mke wangu anauliza nimefukuzwa kazi." Siku moja alikosea asubuhi, akavaa mikono ya mhasibu, akashinda kutwa akisalimiana na watu kwa kucha nyekundu.

Mama Puto alikwenda kumwona msimamizi. Aliomba awe anaondoka na mikono yake jioni, hata kama ni mara chache chache, kwa sababu ya mtoto.

"Kwani nani amekuzuia kutoka?" msimamizi aliuliza, bila ubaya wowote. "Saa kumi na moja uko huru, mama. Wenye kazi ni mikono."

"Ni mikono yangu, bosi."

"Na kibodi ni yetu. Sasa tuvitenganishe vipi?"

Jioni hiyo aliisimamisha skrini kitandani kwa ule mguu wa kuegemea ulio nyuma ya kioo. Ikaanguka, maana mguu ule unataka meza. Akailaza. Betri ilikuwa inaishia, mumewe akaichomeka kwenye umeme. Akaiwasha kwa ncha ya pua, na maneno yalikuwa yanajiandika, kutoka kule ofisini: Ukuta wa jikoni umepasuka kuanzia dirishani hadi. Hapo yakasimama. Ulikuwa wakati wa Puto kulala. Ukurasa ukaanza kusogea mweupe, nafasi baada ya nafasi, polepole, kama mtu anayepigapiga kitufe kirefu cha chini kwa kiganja kizima. Puto aliweka shavu kwenye kioo. Kioo kilikuwa na joto kidogo. Alilala, na baadaye maneno yakaendelea: sakafuni.

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka msimamizi alipoona kurasa tupu katikati ya ripoti. Hakumkaripia mtu. Alimwita fundi akazima kitufe cha nafasi kwenye kibodi ya Mama Puto. Tangu hapo ripoti zake za jioni zilikwenda kwa wateja maneno yakiwa yameshikana yote, na wateja wakazisoma hivyohivyo, kwani malipo yenyewe hayakubadilika.

Mikono ya Mama Puto ikahamia kwenye ubao wa meza, ikawa inapigapiga hapo kila ufikapo wakati wa Puto kulala. Mikono mingine ikawa inakosea herufi kwa sababu ya kishindo, msimamizi akaleta kipande cha mpira akakitandika hapo.

Nyumbani, maneno kwenye skrini yalikuwa yanasimama tu. Mama alimlaza Puto pembeni yake, akamwonyesha kwa kidevu mahali maneno yalipokomea.

"Haya mama," alimwambia. "Ndiyo mikono inakupigapiga hiyo. Lala."

Puto alitazama pale pasipo na kitu, akapiga miayo.