Benchi la Nusu Saa

Mfamasia wa dirisha namba mbili hakuamini mzio wa mtu. Aliamini kwamba watu wana deko. Miaka kumi na tisa nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia mkono ilimwonyesha kwamba kila anayepewa dawa asiyoitaka huzuka na mzio. Huyu vidonge vyeupe vinamwasha, yule vya njano vinamkosesha usingizi, na bibi mmoja aliapa kwamba ana mzio wa sindano zote isipokuwa zile za muuguzi mnene. Akawachoka. Ndipo alipobuni benchi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Ukisema una mzio wa dawa fulani, unamezeshwa kidonge chake kimoja mbele ya macho yake, unaketi kwenye benchi la mbao linalotazamana na dirisha, naye anatega saa ya jikoni aliyotoka nayo nyumbani. Ikilia bila wewe kuwashwa, kuvimba midomo wala kubanwa pumzi, anachukua kadi yako, anakata neno "mzio" kwa kalamu ya kijani na kuandika pembeni: "Imejaribiwa. Hana." Wagonjwa wakambandika jina la Bi Nusu Saa. Alilijua, na kusema kweli lilimkaa vizuri.

Kwa nini nusu saa? Kwa sababu saa ile ya jikoni iliishia dakika thelathini. Sababu nyingine haikuwepo. Lakini hakuna mkubwa aliyeuliza, kwani dawa mbadala zilikuwa adimu na benchi lilikuwa linaziokoa. Badala ya kumuuliza, walimpa cheti chenye fremu, akakitundika juu ya sinki. Na kwamba wagonjwa watatu wanne kwa mwaka walivimba kweli pale benchini, akawachoma sindano wakapona, hilo nalo halikumpunguzia majivuno. Lilimwongezea. Aliona benchi linajua kupembua, pumba huku na mchele kule.

Jumatatu moja asubuhi alifika wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mpole, mwenye vidole vya kutunga uzi bila kutazama. Mfamasia hakuwa na ugomvi naye, ila alimwona mtu wa kujilegeza, na wifi ni wifi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nini tena?"

"Mkojo unanichoma. Daktari kaandika hii. Lakini ni salfa, wifi, na kadi yangu imeandikwa sipewi salfa. Nadhani hakuiona."

"Ukila salfa inakuwaje?"

"Nilipewa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikapata homa, mdomo wote vidonda, mgongo ukachubuka kama kiazi kilichochemshwa. Mama alinilaza kwenye majani ya mgomba mwezi mzima."

"Ulimeza, ikaanza hapo hapo?"

"Hapana. Siku ya sita."

Mfamasia akacheka kwa pua. "Siku ya sita. Dawa ilikuwa inakuja kwa miguu?"

Foleni ikacheka, maana foleni huchekea upande wenye ufunguo wa kabati. Wifi akatabasamu kwa adabu, kosa ambalo wapole hulifanya daima, akasema labda angeomba ile nyingine. Mfamasia akamwambia ile nyingine ni ya wenye mzio wa kweli. Akasukuma kidonge na kikombe cha maji kwenye tundu.

Wifi akameza. Akaketi benchini, mikono mapajani, akitazama ukuta. Saa ikalia. Hakuwa na kipele hata kimoja.

"Unaona?" Kalamu ya kijani ikapita. Imejaribiwa. Hana. Akampa vidonge vya siku tano na kumwambia aache kuogopa vivuli. Wifi akashukuru, naam, akashukuru, akaenda zake. Kimya kingi kina mshindo, lakini mtu mwenye cheti ukutani hasikii kimya.

Jumatano mchana mdogo wake alikuja dirishani akipita foleni yote, ameshika karatasi kutoka wodini.

"Dada, mke wangu kalazwa tangu jana. Homa kali. Midomo imevimba na kutoa damu, macho yamegandana. Kifuani ngozi imekuwa na madoa meusi. Anasema ni ile dawa."

"Alikaa benchi," mfamasia alisema.

"Anasema ni ile dawa, dada."

"Nusu saa nzima, hakujikuna hata mara moja. Hiyo itakuwa surua ya wakubwa, au maambukizi yamepanda kwenye damu. Daktari wa zamu anasemaje?"

Daktari wa zamu alikuwa amesema hivyo hivyo. Tena alikuwa na ushahidi. Alifungua kadi, akaona maandishi ya kijani, akasema hapa dawa haihusiki, tatizo ni kwamba vidonge havitoshi. Akaandika salfa ya kupitia mshipani. Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa mkononi mwa mdogo wake.

Mfamasia aliisoma mara mbili. Hapa na tusimsingizie ujinga, kwani hakuwa mjinga; angekuwa mjinga angekuwa na nafuu. Macho yaliyogandana hakuyapenda, na ule mdomo wa vidonda alikuwa ameshausikia Jumatatu, ukichekwa na foleni nzima. Alichotakiwa kufanya ni kupanda ngazi ishirini na mbili hadi wodini akatazame. Lakini kupanda ngazi kulikuwa na maana ya kumwambia daktari wa zamu, mbele ya wauguzi aliowasimanga miaka yote, kwamba huenda kalamu ya kijani ilikosea. Na ikikosea moja, je, zile nyingine? Mkono wake ulikaa juu ya chupa ya salfa muda wa kutosha mdogo wake kuuona.

"Dada, wewe ndiye unayejua. Nimpelekee?"

"Mpelekee," alisema. "Hana mzio."

Kesho yake asubuhi daktari wa ngozi alirudi kutoka safari, akaingia wodini, akaing'oa dripu kabla hata ya kuvua koti. Kisha akaagiza mfamasia aitwe. Safari hii ngazi zilipandwa.

Wifi alikuwa amelazwa chali, amefungwa shashi mabegani, midomo imeganda damu. Macho yalifunikwa pamba zenye maji ya chumvi. Pale ambapo muuguzi alikuwa amemshika mkono ili kumgeuza, ngozi ilikuwa imehama na kuacha nyama nyekundu. Mdogo wake alikaa pembeni na hakuinua uso.

"Nani aliandika hapa 'Hana'?" daktari wa ngozi aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mwenye uchovu wa mtu aliyekuta nyumba inaungua na majirani wanajadili moshi.

"Ni utaratibu wa dirisha," mfamasia alisema. Miaka yote benchi lilikuwa lake na cheti chake. Leo lilikuwa la dirisha.

"Mlimjaribu kwa muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa inakamata mzio mmoja tu. Ule ambao kingamwili zimeshatega juu ya seli zilizojaa kemikali za kuwasha. Dawa ikigusa, seli zinamwaga zilichonacho, na kwa dakika chache mtu kavimba. Huu sio huo. Huu unafanywa na seli nyeupe, zile ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoingiwa na virusi. Zinaikuta dawa imeng'ang'ania kwenye seli za ngozi, zinaiona ngozi yenyewe ni adui, zinaiua. Hazina haraka. Mara ya kwanza inabidi zitambue, zizaliane, zifike ngozini. Siku ya nne, ya sita, hata wiki ya pili. Kazi ikiisha nyingi hufa, lakini chache hubaki na kumbukumbu miaka na miaka. Ndiyo maana safari hii zilichukua siku moja na kitu. Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Najua," mfamasia alisema.

Na ni kweli, alijua. Alilisoma chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama nzuri, kisha akalizika chini ya saa ya jikoni.

"Kama unajua, basi jana nani alitoa ile chupa?"

Mdogo wake ndiye aliyeinua uso sasa, akamtazama dada yake kama mtu anayesubiri chenji yake. Mfamasia akatazama dripu iliyong'olewa.

"Nilimwambia siku ya sita," wifi alisema kutoka chini ya pamba. Maneno yalitoka yamevimba, lakini yote yalisikika.

Hakufa. Watu wa wodini walimpigania majuma matatu, ngozi ikarudi, na mdomo ukaweza tena kumeza uji. Macho ndiyo yaliyogoma. Machozi yalikauka, kope zikaota kuelekea ndani na kukwaruza kioo cha jicho, na mwanga ukawa unamchoma. Daktari wa ngozi aliandika ripoti ya kurasa nne. Ofisi ikafanya kikao cha saa mbili na kuamua kwamba kwa sasa majaribio yasitishwe na benchi lipakwe rangi upya. Cheti hakikuzungumziwa. Kilibaki juu ya sinki.

Mfamasia aliacha kutega saa. Kadi zenye kijani zilipopita dirishani alizigeuza haraka, lakini alikuwa ameandika mamia, na zilikuwa zimetawanyika nyumba ngapi hakujua.

Mwezi wa tatu tangu alazwe, wifi alikuja. Alivaa miwani nyeusi, shingoni ana mabaka, akapapasa ukingo wa dirisha mpaka akapata tundu. Hakumwamkia. Akapitisha sindano ya kushonea na uzi mweusi.

"Nitungie."

"Wifi, pitia mlango wa nyuma, uingie ndani tuzungumze."

"Nina gauni la mtu. Nitungie uzi."

Mfamasia akaishika sindano. Aliinua kwenye mwanga, akalainisha ncha ya uzi mdomoni, akasukuma. Uzi ukapita pembeni. Akasukuma tena, uzi ukajikunja na kuanguka juu ya kaunta. Nyuma ya wifi foleni ilitazama, na safari hii hapakuwa na wa kucheka. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni akimngoja mkewe, naye pia alitazama vidole vile.

Wifi alirudi nyuma hatua mbili, akaligusa benchi kwa kiganja, akaketi, mikono mapajani.

"Sina haraka, wifi," alisema. "Nitakaa hapa hapa."