Jina Chini ya Kiraka

Wanaotengeneza draiva za picha za Linux, zile programu zinazoiwezesha skrini kuonyesha kitu, wana utaratibu wao. Ukijaribu kiraka cha mwenzako, yaani marekebisho aliyoyafanya kwenye programu, unaandika chini yake jina lako na kadi ya picha ya kompyuta uliyoitumia. Hakuna anayekuja kukukagua.

Macho Manne, aliyeitwa hivyo tangu avae miwani, aliandika jina lake chini ya kiraka kimoja, kwa kadi mbili. Ile mpya aliijaribu kweli, siku mbili nzima. Ile kuukuu, wapi! Ilikuwa ndani ya kompyuta aliyompa shangazi yake, mchoraji wa ramani za nyumba, na kwenda huko kulimtia uvivu. Akajisemea haiwezi kwenda kombo.

Ikaenda kombo. Wiki tatu baadaye, asubuhi, simu ikalia.

"Mwanangu, nimeiharibu kompyuta yako," shangazi alisema, sauti imemnywea. "Jana ilijisasisha, leo skrini nyeusi tii. Ramani ya watu imo humo, na mafundi wanachimba msingi kesho. Sijui niligusa wapi."

"Hujagusa kitu. Nakuja."

Alimkuta ameshaifuta vumbi, ameitandikia kitambaa safi, kama mgonjwa anayesubiri daktari. Macho Manne akaiwasha kwa toleo la zamani la mfumo, lile la kabla ya kiraka. Ramani ikatokea na milango yake yote. Shangazi akashusha pumzi, akampigia mwashi palepale.

"Ramani ipo. Mwanangu kaitengeneza dakika tano tu. Huyu ana kichwa."

Macho Manne alitamani ardhi ipasuke immeze. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Akavuta kiti, akaanza kuwaandikia wenzake.

"Unaandika nini tena?"

"Naomba kiraka kiondolewe. Nilisema nimekijaribu kwenye kadi kama hii yako, shangazi. Niliongopa. Hukuharibu chochote, ni mimi."

Shangazi alikunja kitambaa taratibu, akakikunja tena.

"Kukijaribu kungechukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa." Akakiweka kitambaa mezani. "Kila Jumapili nakuuliza utakuja lini, unaniambia umebanwa na kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa hapa kwangu."