Mstari wa Kusubiri

Wiki ya tatu baada ya mazishi yake, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa kompyuta alipita mapokezi ya ofisi ya usajili, akasaini daftari la mahudhurio, akaketi kwenye kiti chake.

Miaka kumi na moja nyuma alikuwa ameandika faili la amri la kunakili rekodi za vizazi na vifo. Katikati aliweka mstari wa kusubiri: mashine husimama mpaka mtu abonyeze kitufe, chochote kile. Alikataza watu wasiguse, nao hawakugusa. Kwa hiyo hata sasa, akiwa marehemu, alibonyeza mwenyewe, akaondoka. Jumatano alinakili rekodi ya kifo chake. Haikuwa na kosa.

Mkewe alipata habari kwa mfagizi wa ofisi. Nyumbani marehemu hakuwa amefika hata mara moja. Akaenda kwa mkuu wa ofisi, akaomba mstari ule ufutwe ili mumewe apate nafasi ya kufika nyumbani. Mkuu alisema kama wafanyakazi walio hai wangewahi kazini hata nusu yake tu, yeye mkuu angelala usingizi.

“Shemeji, kazi inakwenda. Tuyaache yalivyo.”

“Na mimi je?”

Mkuu aliahidi kulifikisha suala hilo ngazi za juu.

Mjane alifungua madaftari ya mumewe, akajifunza kwa siku mbili. Kwenye kompyuta ya sebuleni aliandika faili lake: maswali kumi na sita, na baada ya kila swali, mstari wa kusubiri. Akalipangia lianze saa kumi na moja jioni, wakati waume wa majirani wanarudi.

Saa kumi na moja kamili mumewe aliingia, akavua viatu, akampita, akaketi. Kioo cha kompyuta kiliuliza: Hujambo? Akabonyeza. Kikauliza: Umekula? Akabonyeza. Mkewe akasogeza kiti karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

Kwenye swali la tatu mumewe alisita. Alilifungua faili, akalisoma lote kwa makini, kisha akaifuta mistari ya kusubiri, mmoja baada ya mwingine.

“Hii haina kazi,” alisema bila kugeuka. “Inachelewesha tu.”

Akaliendesha upya, akavaa viatu, akatoka. Maswali yote kumi na sita yalipita kwenye kioo kwa mpigo mmoja, la mwisho likiuliza kama leo atalala nyumbani, na chini yake mashine ikaandika kuwa kazi imekamilika.