Njia Niliyoifunga Mwenyewe

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitengeneza ukurasa wa kusimamia mtambo wetu wa redio kule kilimani, nami nikauchukia siku hiyohiyo. Miaka kumi na tisa nimeuendesha mtambo ule kwa kupanda huko na kuandika amri moja moja. Yeye kaja na vitufe vya rangi, na chama chetu cha redio ya ridhaa kikampigia makofi. Roho iliniuma, sifichi.

Mtambo huo hupokea ujumbe kwa redio na kuuelekeza njia yake. Binti yangu anafanya kazi kituo cha hali ya hewa ng'ambo ya milima, kusikofika simu, na huniandikia kila Jumamosi saa nne asubuhi. Wiki iliyopita aliandika kwamba ana homa.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, niliufungua ukurasa sebuleni niutafutie kasoro. Kwanza nilifuta jina la shemeji kwenye orodha ya wasimamizi. Kisha nikaona njia tatu, moja ina tarakimu nisizozitambua. Nikabonyeza "Funga". Ukurasa ukaganda.

Ilikuwa njia ya kutoka nyumbani kwangu kwenda kilimani, ileile niliyokuwa nikiitumia. Mke wangu akauliza mbona nimenywea. Nikamwambia niko sawa.

Dawa ilikuwa kupanda kilima, na ufunguo wa kibanda cha mtambo alikuwa nao shemeji tangu alipouweka ukurasa wake. Nilimkuta anapiga pasi shati. Nikajikaza kisabuni, nikamweleza yote, hata lile la orodha.

"Umefunga ya kwenu mwenyewe?" akauliza.

"Ya kwetu."

Akachomoa pasi, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua ufunguo, akanisukuma mgongoni njia nzima, maana goti langu la kulia limeshastaafu.

Tulifika saa nne kasoro dakika tatu. Saa nne kamili binti yangu akatuma ujumbe mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wangu: homa imekwisha, anakula vizuri. Nikashusha pumzi. Wa pili ulikuwa wa shemeji, lakini redioni hakuna siri, tukausoma pamoja.

"Mjomba, asante kwa ule ukurasa. Sasa baba hatapanda tena kilima na goti lake lile. Usimwambie ni mimi niliyekuomba."

Shemeji akajifanya anakagua nyaya. Nilifungua njia, nikarudisha jina lake kwenye orodha, nikaliweka juu ya langu. Kisha nikamwomba anishike mkono tushuke.